Mashine Iliyonusa Mikono ya Sokoni

Habari hii nilipewa na Weris, mkwe wangu, siku ya pili ya Idd iliyopita, tulipokuwa tumekaa jikoni tukingoja nyama ilainike. Mbuzi mwenyewe alikuwa mzee, moto wetu ulikuwa mdogo, kwa hiyo Weris alipata nafasi ya kunieleza yote bila kuruka kitu. Alikuwapo siku hiyo, kwa sababu mama yake ndiye aliyetegewa.

Wahenga walisema kwamba mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Maana yake ni kwamba mtego hauna macho, wala haumuulizi mtu jina lake. Unategewa panya, anakuja kuku wa jirani. Akitoka kuku, anakuja paka wa nyumba hiyohiyo. Na mara nyingine kinachobanwa ni kidole cha mwenye kutega. Asiyeamini na asikilize yaliyotokea Garissa.

Katika mtaa wa Galbet palikuwa na soko dogo la maziwa ya ngamia. Si soko la kuta na mabati. Ni uwanja tu wa mchanga, wanawake wamekaa nyuma ya jerikani zao, na wanunuzi wanapita wakionja kwa kikombe. Jua la Garissa mnalijua. Linawaka kama lina kisasi. Katika uwanja mzima ulisimama mwarobaini mmoja mkubwa, na chini ya kivuli chake aliketi Nafiso, mama yake Weris, mjane wa makamo aliyekuwa ameuza maziwa mahali hapo tangu mti huo ukiwa mche.

Maziwa ya Nafiso yalisifika. Yaliletwa alfajiri kwa gari kutoka kwa ngamia wa ndugu yake upande wa Masalani, na hadi jua linapotua yalikuwa bado matamu. Siri haikuwa siri. Kila jioni Nafiso alisugua vyombo vyake, akavikausha, kisha akavifukiza kwa vijiti vya mgunga vinavyofuka moshi, mpaka ndani ya chombo kukawa na harufu ile ambayo mtoto wa kifugaji huijua kabla hajajua jina lake. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia. Kufukiza vizuri kunataka subira. Ukizidisha moshi maziwa huwa machungu, ukipunguza huchacha mapema.

Hatua chache kutoka kwake, juani, aliuza Sakariye. Kuuza maziwa kwetu ni kazi ya wanawake, lakini Sakariye alirudi kutoka Nairobi na koti jeupe, glavu za mpira na kibao kilichoandikwa MAZIWA YA KISASA. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchapakazi na mcheshi, ila alijipenda kupita kiasi, akitembea kifua mbele kama jogoo aliyeona kioo. Maziwa yake yalipakiwa kwenye gari lilelile la Nafiso, kutoka malisho yaleyale. Lakini ikifika saa sita mchana yalikuwa yameganda.

"Moshi ni uchafu," alikuwa akiwaambia wanunuzi. "Nyinyi mnakunywa masizi. Mimi naosha kwa sabuni yenye harufu ya maua. Nusa jerikani hii, mama. Nusa tu."

Watu walinusa, wakamsifu kwa usafi wake, kisha wakaenda kununua kwa Nafiso.

Jambo hilo lilimkaa Sakariye kooni kama mfupa wa samaki. Akajiuliza, maziwa ni yaleyale, gari ni lilelile, kwa nini yake yachache na ya huyu mama yasichache? Badala ya kutafuta jibu kwenye chombo chake, alilitafuta kwenye tabia ya mwenzake. Akaanza kunong'ona. Alisema amesikia kwamba Nafiso husaga vidonge vya wagonjwa, vile vya rangi mbili vinavyotibu vidonda, na kuvitia kwenye maziwa ili yasichache.

Uvumi ni kama moto wa nyasi kavu. Siku ya kwanza uliunguza vicheko, siku zilizofuata ukaanza kuunguza riziki. Wanawake wenye watoto wadogo walipita mbele ya Nafiso wakitazama pembeni. Mmoja aliyekuwa akinunua kwake kila siku alionja, akatema kando, akaomba radhi kwamba tumbo linamsumbua.

"Mama, jibu basi," Weris alimwambia.

"Nijibu nini? Mtu akikuambia una mkia, utavua nguo sokoni umwonyeshe kwamba huna?"

Lakini usingizi ulimpungua. Mwanamke anayeuza maziwa huuza kwanza jina lake. Jina likichacha, hakuna moshi wa kulihifadhi.

Hatimaye Sakariye alikwenda kwa Mzee Jelle, mwenyekiti wa soko. Mzee Jelle alikuwa mtu wa heshima, mpole wa maneno, na ndevu zake zilikuwa nyeusi tititi ingawa wajukuu wake walikuwa wameoa. Mtu akizistaajabia alijibu, "Ukoo wetu hauoti mvi. Ni damu tu."

"Adeer," Sakariye alimwambia, akimwita baba mdogo kama ilivyo adabu ya kijana kwa mzee, kama alivyomwita Nafiso eeddo, yaani shangazi, "wasimamizi wa maabara wanapita Garissa wiki hii na mashine mpya ya kupima maziwa. Tuialike sokoni. Kama nimemsingizia Eeddo Nafiso, nitanyamaza. Kama si uongo, aondoke, na pale chini ya mwarobaini pawe pangu."

Hapo Mzee Jelle akaelewa kwamba jambo lenyewe lilikuwa na kivuli ndani yake. Lakini akaitisha kikao.

Mashine ililetwa Alhamisi asubuhi kwa gari la maabara. Aliyekuja nayo aliitwa Leyla, binti wa hapohapo Garissa aliyesomea mambo ya kemia, mwenye miwani na sauti ya taratibu. Watu walikuwa wametarajia kitu kikubwa kama trekta. Walipoona kisanduku cha ukubwa wa mashine ya kufulia, chenye mdomo mdogo wa chuma na kompyuta kando yake, wengine walivunjika moyo.

"Inafanyaje kazi, binti yangu?" Mzee Jelle aliuliza.

"Kila kitu duniani kina uzito wake, adeer, hata harufu. Mashine hii inapuliza hewa ya moto juu ya kitu, chembe zisizoonekana zinaruka, inazivuta ndani na kuzipima. Uzito wa chembe ukijulikana, na jina lake linajulikana."

"Kumbe ni mizani."

"Ni mizani, ila ya vitu vidogo kuliko vumbi. Zamani tungeyabeba maziwa hadi Nairobi, tuyachuje, tuyachanganye na dawa, na majibu yangerudi maziwa yameshakuwa siki. Siku hizi nachovya kijiti cha kioo, nakiweka mdomoni pake, na kabla hujamaliza kupiga chafya jibu limetoka."

Ili watu waone, aliomba kitu chochote. Abdisalam, mwenye hoteli ya chai pembeni mwa soko, akamletea kikombe. Leyla akachovya kijiti chake na kukishika mbele ya ule mdomo wa chuma. Kwenye kompyuta mistari ikaruka juu kama milima.

"Majani ya chai," akasoma. "Sukari. Tangawizi. Iliki."

"Mashallah," watu wakasema.

"Na maziwa?" akauliza mteja mmoja wa Abdisalam.

Leyla alitazama tena. "Yapo. Machache sana."

"Nilijua," yule mteja akasema. "Kila siku nilikuwa nikijua."

Abdisalam alichukua kikombe chake akaondoka bila kuaga. Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kunaswa, na hata hakuwa muuza maziwa.

Kama Sakariye angekuwa mtu wa kusoma dalili, angeisoma hiyo. Lakini kichwa kilikuwa kimeshamvimba. Alisimama katikati ya uwanja, koti lake jeupe likimeremeta, akasema maziwa peke yake hayatoshi. Mtu anaweza kuleta maziwa safi siku ya kupimwa, lakini mkono uliosaga vidonge hauwezi kusahau. Basi wapimwe wote wanaogusa maziwa sokoni, vyombo vyao na mikono yao.

"Na sheria iwe moja," akasema. "Atakayekutwa na kitu kisicho maziwa, kwenye chombo au kwenye mkono, asiuze hapa mpaka mwezi mwingine uandame."

Leyla akavua miwani, akaifuta. "Ndugu yangu, ningekushauri useme hasa unachotafuta. Sema vidonge. Mashine hii haichagui. Ukiiambia inuse, inanusa kila kitu."

"Ndivyo nitakavyo. Inuse kila kitu."

"Nafiso, una neno?" Mzee Jelle akamuuliza.

Nafiso alikuwa ameketi kivulini, mguu mmoja ameunyoosha. "Mimi sina vidonge kwenye maziwa," akasema. "Inuse."

Basi wazee wakainua mikono, wakasoma Faatiha, wakasema amina. Asiyetujua ajue jambo hili. Kwetu, neno likishafungwa kwa Faatiha halifunguliwi na mtu mmoja kwa kubadili mawazo. Litafunguliwa kwa kikao kingine na Faatiha nyingine, na yule aliyelileta neno ndiye atakayechinja. Kwa hiyo waliposema amina, mlango ulifungwa wote wakiwa ndani.

Mzee Jelle alitaka kuwaonyesha watu kwamba hakuna cha kuogopa, akaanza yeye, kwa sababu naye alikuwa na jerikani zake mbili zilizokuwa zikiuzwa na binti yake. Maziwa yake yalikuwa safi. Leyla akapitisha kijiti kwenye kiganja chake, mkono uleule aliokuwa akipapasia ndevu kila alipofikiri. Mistari ikaruka. Leyla akasoma kimya. Akapima tena.

"Adeer, tunaweza kuongea pembeni?"

"Binti yangu, mimi ni mwenyekiti. Sema hapahapa, watu wajue."

"Ni rangi ya nywele, adeer. Nyeusi. Ya pakiti."

Mzee Jelle alishusha mkono kutoka kwenye ndevu polepole, kama mtu anayemweka mtoto aliyelala kitandani.

"Damu," bibi mmoja akasema kutoka nyuma. "Si alituambia ni damu?"

Kilichofuata hakikuzuilika. Walioitwa baada yake ni Ogle, mchukuzi wa jerikani, na mkewe Hinda, aliyeuza maziwa karibu na Nafiso. Ogle alinyoosha mkono akiangalia mawinguni, na siku hiyo hapakuwa na wingu.

"Miraa," Leyla akasoma. "Ya karibuni."

Hinda akageuka. "Ogle. Si uliacha tangu Ramadhani?"

"Niliacha."

"Jana ulichelewa kurudi. Ukaniambia ulikuwa unasikiliza mawaidha."

"Nilikuwa nasikiliza, wallahi."

"Ukitafuna."

"Masikio na meno ni viungo viwili mbalimbali, Hinda."

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Lakini Hinda mwenyewe alipotoa mkono wake laini, kompyuta ikachora mlima mrefu kuliko ule wa mumewe. Leyla akasema ni krimu ya kung'arisha ngozi, tena ile ya dukani iliyokatazwa kwa sababu inaunguza.

Ogle alipata pumzi. "Uliniambia ni nuru ya udhu," akasema taratibu.

Hinda alivuta shungi lake mpaka puani.

Wakati huo Sakariye alikuwa akichekelea kwa adabu, mikono nyuma. Kwake hao walikuwa kuku na paka waliopita njiani. Panya wake alikuwa bado chini ya mwarobaini. Akasema, "Sasa Eeddo Nafiso."

Nafiso akainuka. Weris aliniambia kwamba alimwona mama yake akishika shina la mti kabla ya kusimama, na kwamba aliliona jambo hilo bila kulifikiria. Leyla akapitisha kijiti kwenye vidole vya yule mama, akakiweka mbele ya mdomo wa chuma. Mistari ikaruka. Uso wa Leyla ukabadilika. Akapima tena, na mara ya tatu.

"Sema," Sakariye akamwambia.

"Kidonge," Leyla akasema.

Sauti ya watu ilipanda kama mchanga uliopigwa na upepo. Wale akina mama waliokuwa wameacha kununua walitazamana. Weris akamtazama mama yake, na mama yake alikuwa akitazama chini. Sakariye aliinua mikono yote miwili kama mtu aliyepokea mvua.

"Subirini nimalize," Leyla akasema. Hakupaza sauti, lakini alimtazama kila mtu mpaka wakatulia. "Si kile cha rangi mbili. Hiki ni kidonge cha maumivu. Cha viungo."

"Viungo gani, hooyo?" Weris akamuuliza mama yake.

Nafiso alishika tena shina la mti.

"Hooyo. Viungo gani?"

"Goti," Nafiso akasema mwishowe. "Ni goti tu. Nilijua ukisikia utanitoa sokoni, utanipeleka kwa madaktari wataniambia nikae ndani. Nikae ndani nifanye nini? Nihesabu nzi?"

Wengine wakacheka, wengine wakafuta macho. Leyla hakungoja, alichovya kijiti kingine safi kwenye maziwa ya Nafiso, jerikani moja baada ya nyingine, kutoka juu na kutoka chini. Katika maziwa hakukutwa kidonge cha rangi mbili wala cha rangi moja.

"Kuna maziwa," akasema, "na kuna moshi wa mti."

"Moshi," Sakariye akarukia neno hilo kama paka aliyeona panzi. "Moshi ni maziwa? Sheria yetu ilisema nini? Kitu kisicho maziwa. Mmeona wenyewe. Mkononi kidonge, chomboni moshi. Atoke."

Hapo watu waliguna. Hakuna aliyependa, lakini Faatiha ilikuwa imesomwa, na kila mtu aliyakumbuka maneno. Nafiso akatazama kivuli chake, kisha akaanza kufunga mifuniko ya jerikani zake, mmoja mmoja, bila kelele. Weris aliniambia kwamba sauti ya ile mifuniko ndiyo iliyomuumiza kuliko uvumi wote.

"Bado mmoja," Mzee Jelle akasema. Alikuwa ameufunika mdomo na kidevu kwa ncha ya kilemba, sauti ikatoka ndani ya kitambaa. "Sakariye, mwanangu. Njoo."

Sakariye alikuja kama bwana harusi. Alivua glavu zake kidole kwa kidole ili kila mtu aone. Alikuwa ameosha vyombo vyote usiku uliotangulia kwa pakiti nzima ya sabuni, kwa ajili ya siku hii. Leyla akapima mkono. Akapima maziwa. Kompyuta ilichora milima mingi hata Leyla akalazimika kuisogeza picha ili yote ionekane.

"Sabuni ya unga," akasema.

"Mkononi," Sakariye akasema. "Bila shaka. Ni usafi."

"Mkononi, na kwenye maziwa. Jerikani zote. Kuna povu lake, kuna manukato yake, kuna hata ile dawa inayofanya shati jeupe ling'ae. Ndugu yangu, unaosha vizuri sana. Ila husuuzi."

Kisha mwanamke mmoja, mnunuzi wa Sakariye, akasema kwa mshangao wa kweli, "Kumbe ndiyo maana mtoto wangu akicheua anatoa mapovu."

Ningekuwa na uwezo wa kuchora, ningewachorea uso wa Sakariye. Ulimshuka kama hema lililokatwa kamba.

Sasa tazama mambo yalivyokuwa. Hapakubaki mtu hata mmoja sokoni mwenye ruhusa ya kuuza. Mwenyekiti alikuwa ametoka kwa ndevu zake, Hinda kwa krimu yake, Ogle kwa miraa, Nafiso kwa goti na moshi, na wengine waliopimwa baadaye walitoka kwa ugoro, kwa mafuta ya taa, kwa manukato, kila mmoja na lake. Maziwa ya siku nzima yalikuwa yamejaa kwenye jerikani, wanunuzi wamesimama na vyombo mikononi, na kati yao ilisimama ile Faatiha. Abdisalam alirudi kutoka hotelini kwake.

"Wateja wangu wanataka chai," akasema. "Nawaambia nini?"

"Wape kama ya jana," yule mteja wake akajibu. "Hawataona tofauti."

Mzee Jelle akasema wazi: njia ipo. Aliyelileta neno aliombe liondolewe, akubali kwamba alimsingizia mwenzake, achinje mbuzi, na alipe ile fidia ya heshima ambayo kwetu huitwa haal. Faatiha ya pili itasomwa palepale na watu wataendelea na biashara.

Sakariye alikataa. Alisema hajamsingizia mtu. Kama kweli Nafiso haweki dawa, basi maziwa yake na yachache leo kama ya watu wote. "Tukae hapa," akasema. "Tungoje. Yakichacha mchana huu kama yangu, nitaomba radhi. Yasipochacha, mashine imekosea na dawa imo."

"Yaani yakiharibika yeye ni mwema," Hinda akasema, "na yakiwa mazuri ni mwovu. Akili hiyo uliinunua Nairobi au uliokota njiani?"

Lakini walikaa. Sijui kama kuna mahali pengine duniani ambapo watu wazima wameketi uwanjani wakingoja maziwa yachache. Leyla alifungua mwavuli. Watu walisogea, wakasogea tena, mpaka soko lote likawa limebanana kwenye kivuli cha Nafiso, isipokuwa Sakariye, aliyebaki juani karibu na jerikani zake kwa sababu ya kiburi.

Jua lilipofika utosini, jerikani moja ya Sakariye ilianza kuvimba. Kifuniko chake kiliruka kwa mlio, kikamwangukia begani. Maziwa yakatoka na povu jeupe lenye harufu ya maua, yakatambaa mchangani taratibu hadi kwenye viatu vyake. Ogle peke yake alikohoa.

Baada ya sala ya adhuhuri wakaonja ya Nafiso. Matamu. Baada ya sala ya alasiri wakaonja tena. Matamu, na harufu ya mgunga imekolea.

"Dawa hiyo," Sakariye akasema, lakini sauti ilikuwa imekauka.

Leyla akapima tena mbele yake. Akamwita aje atazame mwenyewe, akamwonyesha kwa kidole mahali ambapo mlima wa kile kidonge cha rangi mbili ungesimama kama ungekuwapo. Palikuwa tambarare kama njia ya Wajir. Kisha akamwonyesha mlima mwingine. "Huu ndio moshi," akasema. "Moshi wenyewe unawazuia wadudu wanaochachisha maziwa. Dawa imo, kweli. Ni hii. Imewekwa na miti."

Sakariye alitazama ile picha muda mrefu. Koti lake jeupe lilikuwa limelowa jasho. Alijiona alivyo, juani peke yake, na mji mzima kivulini ukimtazama. Mtego aliutega kwa mkono wake, akaupanua mdomo wake ili umeze mmoja, ukameza wote, na yeye ndiye aliyebanwa penye mfupa.

Akavuka uwanja akafika mbele ya Nafiso, akachuchumaa.

"Eeddo," akasema, "nilikusema vibaya. Sikuona kitu, sikusikia kitu. Nilikitunga mimi. Nilikitaka kivuli chako."

Nafiso alimwacha achuchumae kidogo, kwa sababu subira nayo ni adhabu. "Kivuli hakikatai mtu," akasema. "Ungeniambia nisogee, ningesogea. Sasa nenda kalete mbuzi, na asiwe mzee."

Mbuzi alichinjwa, Faatiha ya pili ikasomwa, na safari hii Mzee Jelle alitunga maneno yake kwa uangalifu mkubwa: asiruhusiwe kuuza mwenye kutia vidonge kwenye maziwa, wala asiyesuuza. Hakutaja mikono. Maziwa ya Nafiso yalinunuliwa yote kabla ya magharibi, na wa kwanza kununua alikuwa yule mama aliyetema. Wengine walipata hasara ya siku nzima, wakamlaumu Sakariye kila tonge walilokula la mbuzi wake, na walikula mengi.

Aliposhiba, Sakariye alisogea karibu na Nafiso, akauliza kwa sauti ya chini, "Eeddo, ule moshi unafukizwaje?"

"Kwanza suuza," Nafiso akamwambia. "Suuza mpaka uchoke. Ukishachoka, suuza tena. Ndipo uje nikuonyeshe mgunga."

Giza lilipoingia kila mtu alikwenda kwake. Leyla alilala mapema, kwa sababu kesho yake mashine ilikuwa inakwenda Buna na njia ni ndefu. Mzee Jelle alilala kitambaa kikiwa bado kidevuni. Nafiso alilala goti likiwa limefungwa na Weris, baada ya kukubali daktari kwa sharti kwamba soko asiliache. Hinda alilala ndani, Ogle akalala barazani, kwa kuwa mlango ulikuwa na komeo na Hinda alikuwa na usingizi mzito usiosikia hodi. Sakariye peke yake alibaki uani kwake, ameinamia ndoo, akisuuza jerikani na kuzinusa, akisuuza na kuzinusa, mpaka ile ya mwisho ikawa haina harufu yoyote ya maua. Akaipindua ikauke, akajinyoosha juu ya mkeka kando yake, mikono imekunjamana kwa maji, naye akalala.

Kweli, mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo.